'Uwanja' na 'kisobadilika' yanavyowapotosha wanagenzi wa programu

Nimewasikia walimu kadhaa wakijaribu kuwafunza wanagenzi uandishi wa programu kwa Kiswahili. Jitihada hizo zinastahili pongezi. Hata hivyo, istilahi mbili wanazopenda kuzitumia humkanganya mwanafunzi kabla hajagusa kibodi.

Tuchukue klasi ya akaunti ya benki katika lugha ya Java. Klasi ni kielelezo tu. Kutokana nayo huundwa akaunti nyingi, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe, nambari na salio. Mambo hayo ndiyo yanayoitwa eti 'nyanja' za akaunti. Uwanja ni mahali pa kuchezea kandanda au pa kutua ndege. Wapo wanaosema 'uga', lakini hapo pia tumebaki kule kule uwanjani. Kinachorejelewa kinashabihi zaidi nafasi za kujaza kwenye fomu. Basi tuseme 'nafasi'.

Neno 'kisobadilika' lina matatizo zaidi. Kisarufi halina kasoro, kwa kuwa ni ufupisho wa 'kisichobadilika'. Kasoro imo katika maana. Mfano unaotolewa sana madarasani ni ushuru wa VAT, asilimia 16. Mnamo Aprili 2020 ushuru huo ulishushwa nchini hadi asilimia 14, kisha ukarejeshwa 16 Januari 2021. Mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona kisobadilika kimebadilika? Ukweli ni kwamba programu yenyewe, ikiwa inaendeshwa, haiwezi kuigeuza thamani hiyo. Binadamu anaweza, tena kwa kurekebisha mahali pamoja tu. Hiyo ndiyo faida yake. Lau 16 ingalitapakazwa kote kwenye programu, mrekebishaji angalihangaika kuisaka, na huenda angaligusa 16 nyingine isiyohusiana na ushuru kamwe.

Isitoshe, walimu hao hutenganisha 'uwanja' na 'kisobadilika' kana kwamba ni mbingu na ardhi. Sivyo. Nambari ya akaunti ni nafasi ya kila akaunti, lakini ikishajazwa inaweza kufungwa isijazwe tena. Kiwango cha VAT nacho hufungwa vivyo hivyo, ila huwekwa kwenye klasi, wala hakinakiliwi katika kila akaunti.

Katika isimu tuna 'silabi funge' na 'mofimu funge'. Kwa nini tusiseme 'nafasi funge'? Istilahi hii inasema ukweli hata pale 'kisobadilika' kinapodanganya waziwazi: orodha ya wateja ikiwekwa katika nafasi funge, huwezi kuiondoa na kuweka orodha nyingine, lakini wateja wapya wataendelea kuingizwa ndani yake.

Kwa wanaoanza na Python, istilahi hiyo haifai. Huko hakuna kufuli. Waandishi wa programu wamezoea tu kuliandika jina kwa herufi kubwa, kila mmoja akimwamini mwenzake kwamba hataigusa thamani hiyo.