Vazi la Shabiki na Haya ya Mvaaji

Mwaka 2019, timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilipocheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, huko Misri, mwanafunzi wetu mmoja alitoka kwao Buyenzi, hapa Bujumbura, amejipaka usoni nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za bendera. Alipofika karibu na lango la shule alijifuta kwa haraka. Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza: ni nini kimpacho mtu ujasiri wa kuvaa ushabiki wake mbele ya watu, na ni nini kimvuacho?

Jibu twalipata kwa shabiki wa Kongo aliyesifika katika fainali za Moroko, zilizoanza Desemba 2025 na kumalizika Januari 2026. Huyu aliiga sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Kinshasa: suti, miwani, mkono wa kuume umeinuliwa. Wenzake waliruka na kuimba. Yeye alisimama kimya mchezo mzima. Kwa kipimo cha sanaa, hii ni kazi iliyokamilika, maana haikutegemea mavazi peke yake. Suti hununuliwa dukani. Utulivu wa dakika 90 haununuliwi.

Kongo ilipotolewa na Algeria, mchezaji mmoja wa Algeria alimwigiza kwa dhihaka. Lakini vazi lile lilikuwa kumbukumbu ya mtu aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961, na kwa hiyo aliyedhihaki ndiye aliyelazimika kuomba radhi, wala si aliyevaa. Basi ngao ya kwanza ya mvaaji ni maana.

Ngao ya pili ni wenzake. Wachezaji wa beni, ngoma iliyozuka katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, walivaa sare za kijeshi na kupeana vyeo vya kizungu. Wapo waliowaona waigaji tu. Hata hivyo hawakutahayari, kwa kuwa nyuma ya kila sare kilisimama chama, ambacho wanachama wake walisaidiana katika shida na misiba.

Twamrudia mwanafunzi wetu. Maana alikuwa nayo usoni. Kilichokosekana ni wenzake. Nasi twakiri kwamba siku ile, pale langoni, tulicheka pamoja na waliocheka. Kisha twalalamika kwamba vijana wetu hawawezi kusimama jukwaani wakamwigiza Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa katika mji huu huu tarehe 13 Oktoba 1961! Haya hiyo hawakuzaliwa nayo, sisi tuliwafunza. Walimu wenzetu, ajapo mwingine amejipaka rangi, tumwulize maana yake, tumsikilize, kisha tumwache aingie darasani na uso wake.