Nuru na Kivuli katika "Mandhari ya Delft" ya Vermeer

Sifa inayorudiwa mara nyingi kuhusu "Mandhari ya Delft", mchoro wa Johannes Vermeer wa takriban 1660–1661 uliohifadhiwa Mauritshuis mjini The Hague, ni uaminifu wake: kwamba mchoraji aliuona mji ng'ambo ya mto Schie akaunakili. Sifa hiyo inaupunja mchoro. Uchunguzi wa eksirei umeonyesha kuwa sura ya lango la Rotterdam, jinsi inavyoakisiwa majini, ilirefushwa kuelekea ukingo wa mbele, na mwanamume aliyekuwa amesimama ukingoni humo alifunikwa kwa rangi.

Hoja kubwa zaidi imo katika mgao wa nuru. Ukuta wa mji na malango yake, vitu vilivyo karibu zaidi na mtazamaji, vimeachwa chini ya kivuli cha wingu. Jua limepelekwa nyuma, kwenye mapaa ya upande wa kulia na kwenye mnara wa Nieuwe Kerk, kanisa lenye kaburi la Willem wa Orange, kiongozi wa uasi dhidi ya Hispania aliyeuawa Delft mwaka 1584. Mkazi wa mji huo hakuhitaji maelezo.

Kuna pia lililonyamaziwa. Tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka, likabomoa sehemu kubwa ya mji na kumuua mchoraji Carel Fabritius. Egbert van der Poel aliyachora magofu hayo tena na tena. Vermeer anautazama mji kutoka kusini, na magofu hayaonekani. Ni rahisi kumlaumu kwa kuukwepa msiba. Hata hivyo, kwa anayeukumbuka mwaka ule, utulivu wa maji haya si utulivu wa mji usiowahi kupatwa na jambo.

Katika "La Prisonnière" (1923) ya Marcel Proust, mwandishi Bergotte anafariki akikitazama kipande kidogo cha ukuta wa manjano katika mchoro huu. Tangu hapo wasomaji wengi wamekuwa wakikisaka kipande hicho, wala hawajaafikiana ni kipi hasa. Hasara yao ni ileile ya mhakiki wa ushairi anayechomoa taswira moja kutoka utenzi mzima na kuisahau mizani iliyoibeba. Manjano ya Vermeer, popote yalipo, yanang'aa kwa sababu matofali ya mbele yamefanywa kuwa meusi.