Jina na Badala ya Jina
Manowari ya Kidachi Königsberg, iliyoizamisha Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, watu wa mwambao waliiita Manowari na Bomba Tatu, kwa walichokiona. Wadachi nao zamani hizo, merikebu ya kushika mahali pa nyingine ilipokuwa ingali kiwandani, walikuwa wakiiita Ersatz, yaani "badala ya" ile iliyotangulia; siku iliposhushwa majini ndipo ilipopewa jina lake. Ersatz Yorck, Ersatz Scharnhorst na Ersatz Gneisenau hazikushushwa kamwe. Kwa hiyo twawalaumu wafasiri waandikao Ersatz kana kwamba ni jina: mwanafunzi hudhani zilipigana. Mtoto apewapo jina la babu yake, huwa lake. Hatumwiti Badala ya Babu. Yatupasa kufasiri maana, tusinakili sauti tu.