Pengo la Mtoto Halizibwi kwa Kitu Kisichokua

Mtoto wa miaka tisa anaanguka akicheza mpira, na jino la mbele la juu, la ukubwani, lililoota juzijuzi tu, linapotelea mchangani. Angekuwa mtu mzima, daktari wa meno angekuwa na njia tatu za kumpa: skrubu ya titani inayopachikwa ndani ya mfupa wa taya na kuvikwa jino la kauri, daraja linaloshikiliwa na meno ya jirani baada ya kuyachonga, au jino bandia la kuvaa na kuvua. Kwa mtoto huyu ya kwanza haifai. Ya pili inahatarisha meno mazima, kwa sababu kiini cha jino changa ni kikubwa na kipo karibu na uso, hivyo kuchonga kidogo tu kunaweza kukijeruhi. Ya tatu ni ya kujisitiri kwa muda. Kikwazo cha zote ni kimoja: taya lake lina takriban miaka mingine kumi ya kukua, na kitakachokaa kwenye pengo lazima kikue nalo.

Ipo njia ya nne. Iliendelezwa Oslo, nchini Norway, tangu miaka ya 1960: mtoto anapewa jino lake mwenyewe. Gego dogo ambalo bado ni changa linatolewa nyuma ya kinywa na kupandikizwa mbele. Inafaa kuichambua hatua kwa hatua, kwani ndani yake mna kanuni inayopima njia nyingine zote za kuziba pengo la mtoto.

Kwa nini skrubu inashindwa

Daktari Per-Ingvar Brånemark alimpachikia mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titani mwaka 1965, Gothenburg, Sweden. Ugunduzi wake ulikuwa kwamba mfupa hai unaweza kushikamana na titani moja kwa moja, bila tishu laini katikati. Kwa mtu mzima huo ndio uimara wa kazi nzima. Kwa mtoto ndiyo kasoro yake.

Jino la asili halijagandana na mfupa. Linaning'inia ndani ya tundu lake kwa utando mwembamba wa nyuzi unaouvika mzizi. Taya la juu linapokua kwenda chini na mbele, jino husogea nalo, na kila linaposogea, utando ule hujenga mfupa mpya kulizunguka. Skrubu haina utando, kwa hiyo inabaki palepale ilipowekwa. Watafiti wa Sweden walioweka skrubu kwenye mataya ya nguruwe wanaokua, na kuchapisha matokeo mwaka 1991, waliona meno ya jirani yakiendelea kuota huku skrubu zikiachwa nyuma. Kwa kijana, hali hiyo huonekana kwenye tabasamu: jino la kauri linakuwa fupi na limepanda juu, ufizi wake haupo sawa na wa jirani, na mwaka baada ya mwaka tofauti inaongezeka.

Ndiyo maana madaktari wengi huahirisha skrubu mpaka ukuaji utulie, mwishoni mwa ujana kwa wasichana na baadaye zaidi kwa wavulana. Wanaoruhusiwa mapema ni wachache, hasa watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa kurithi unaowanyima karibu meno yote. Hao huweza kupachikwa skrubu sehemu ya mbele ya taya la chini, ili zishikilie meno bandia.

Jino la akiba

Madaktari wa Oslo walianzia kwenye jambo ambalo kliniki za kupanga meno zilikuwa zikilifanya kila siku. Mtoto mwenye meno yaliyosongamana hung'olewa magego madogo, yale yanayokaa kati ya chonge na magego makubwa, ili mengine yapate nafasi ya kunyooka. Meno hayo mazima hutupwa. Ikiwa mtoto huyohuyo amepoteza jino la mbele, kinachotupwa ndicho anachokihitaji.

Gego dogo la taya la chini ndilo lililopendwa zaidi. Kwa kawaida lina mzizi mmoja ulionyooka, na taji lake linaweza kuumbwa upya. Sharti kubwa ni umri wa mzizi. Jino hutoka kwenye ufizi kabla mzizi haujakamilika, na ncha ya chini hubaki wazi kwa miaka kadhaa. Wakati unaofaa ni mzizi ukiwa umefikia kati ya nusu na robo tatu ya urefu wake, jambo ambalo kwa watoto wengi hutokea kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Mzizi mfupi mno huenda usirefuke vya kutosha baada ya kuhamishwa. Ukishakamilika na ncha kufumba, mishipa ya damu haina tena mlango wa kurudia ndani.

Kazi mezani

Upasuaji wenyewe hufanyika kwa ganzi, na vifaa vyake ni vya kawaida katika kliniki ya upasuaji wa kinywa. Kwanza huandaliwa tundu jipya mbele. Mfupa huchongwa taratibu huku ukipozwa kwa maji ya chumvi, maana joto la mashine huua seli za mfupa. Tundu hufanywa pana kidogo kuliko mzizi utakaoingia, ili jino liingie bila kusukumwa.

Kisha linatolewa gego. Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika. Daktari hukata nyuzi kuzunguka shingo ya jino, halafu hulilegeza polepole, akishika taji peke yake. Mzizi haukwaruzwi, haufutwi wala haukaushwi. Muda wa jino kuwa nje ya kinywa huhesabiwa kwa dakika. Ni kama kuhamisha mche kutoka kitaluni: anayeung'oa pamoja na udongo wake huukuta umeshika, na anayeukung'uta mizizi huukuta umenyauka.

Jino linapoingizwa mbele, mara nyingi huzungushwa. Gego dogo la chini lina upana wa takriban milimita 7 likitazamwa kwa upande wa shavu, ilhali jino la kati la juu lina takriban 8.5. Upande wake wa pili ni mpana zaidi, kwa hiyo kuligeuza hulifanya lijaze pengo vizuri. Huachwa chini kidogo ya kimo cha meno ya jirani, lisigongwe wakati wa kutafuna, na hushikiliwa kwa uzi wa mshono unaopita juu ya taji au kwa waya unaonyumbulika, kwa siku saba hadi kumi. Kulifunga kwa waya mgumu kwa muda mrefu ni kosa. Jino lisilotikisika kabisa lina hatari ya kugandana na mfupa, na likigandana limekuwa kama skrubu.

Miezi inayofuata ni ya eksirei. Picha zikionyesha mzizi unarefuka na nafasi ya ndani ya kiini inazidi kuwa nyembamba, mishipa ya damu imerudi na jino linaishi, wala halihitaji kusafishwa na kuzibwa mzizi. Taji huongezwa rezini au kuvikwa ganda la kauri, lifanane na jirani yake, na baada ya miezi michache linaweza kusogezwa kwa nyaya kama jino lingine lolote.

Hesabu za miaka mingi

Madaktari Slagsvold na Bjercke walichapisha mwaka 1974 picha za eksirei zilizothibitisha kwamba mizizi iliyohamishwa ikiwa nusu iliendelea kukua mahali papya. Mwaka 2002 watafiti wa Oslo walichapisha matokeo ya kuwaita tena wagonjwa wa zamani, waliokuwa wamepandikizwa kati ya miaka 17 na 41 iliyotangulia. Kati ya meno 33, asilimia 90 yalikuwa bado kinywani baada ya wastani wa miaka 26.4. Kwa vipimo vikali zaidi vya afya ya ufizi, mzizi na mfupa, asilimia 79 yalihesabiwa kuwa mafanikio kamili. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili inastahili kuangaliwa: jino linaweza kudumu bila kuwa kamilifu.

Copenhagen, nchini Denmark, kundi la mtafiti Jens Ove Andreasen lilichapisha mwaka 1990 ufuatiliaji wa magego madogo 370. Yaliyokuwa na mizizi isiyokamilika yalidumu kwa asilimia 95, na yenye mizizi kamili kwa asilimia 98. Mtu angedhani umri wa mzizi hauna maana, mpaka aangalie kiini: kilipona katika asilimia 96 ya meno yenye mizizi michanga, na asilimia 15 tu ya yale yaliyokamilika. Jino lililokomaa linaweza kuhamishwa, lakini karibu kila mara litahitaji kutibiwa mzizi.

Asiye na jino la kuhamisha

Njia hii haimfai kila mtoto. Ambaye meno yake yamejipanga vizuri, bila msongamano, hana sababu ya kung'olewa gego zima, maana pengo lingekuwa limehamishwa tu. Kwa huyo kuna kusogeza meno kwa nyaya hadi pengo lifungike, kisha jino la pembeni kuumbwa lifanane na la kati. Kuna pia daraja la kubandika lenye bawa moja, linaloshikilia jino bandia kwenye mgongo wa jirani mmoja bila kuchonga au kwa kuchonga kidogo sana. Bawa moja linatosha, na kwa anayekua ni bora kuliko mawili, kwani mawili huyafunga pamoja meno ambayo kila moja lina safari yake.

Hali ngumu ni ya jino lililorudishwa baada ya ajali likagandana na mfupa. Madaktari wa Stockholm, wakiongozwa na Barbro Malmgren, walieleza mwaka 1984 namna ya kulikata taji na kuuacha mzizi ndani. Mwili huula mzizi huo polepole na kuweka mfupa badala yake, na ukingo wa taya hubaki na ujazo wa kupokea skrubu siku mtoto akiwa mtu mzima.

Kwa meno ya utoto, hesabu ni nyingine. Pengo la mbele mara nyingi huachwa lisubiri jino la ukubwani. Gego la utoto likiwahi kung'olewa, kinachohitajika ni kulinda nafasi: pete huvishwa jino la nyuma na kitanzi cha waya huzuia gego la ukubwani linaloota karibu na miaka sita lisisogee mbele na kulifungia njia jino linalokuja.

Kanuni hiyohiyo nyumbani

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuzingatia hili. Desturi ya kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni chonge za utoto zilizovimbisha ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara, huharibu pia vichipukizi vya chonge za ukubwani vilivyo jirani. Mtoto hufika shuleni akiwa na mapengo ambayo hakuna ajali iliyoyaleta, na kuyazuia ni rahisi kuliko kuyaziba.

Utando unaoamua hatima ya gego lililohamishwa ndio pia unaoamua hatima ya jino lililong'oka uwanjani. Ukikaa mkavu kwa saa moja, seli zake nyingi zimekufa. Jino la ukubwani lishikwe kwenye taji, lisuuzwe kwa upole, lirudishwe tunduni papo hapo, au liwekwe ndani ya maziwa wakati mtoto anapelekwa kwa daktari. La utoto lisirudishwe, maana linaweza kuliumiza linalokua nyuma yake.

Likishapotea kabisa, mzazi huambiwa mara nyingi asubiri mtoto akue. Kwa skrubu, ushauri huo ni sahihi. Kwa gego la kuhamisha ni ushauri unaopoteza nafasi, kwa kuwa mzizi haumsubiri mtu: unaendelea kurefuka, na ncha yake hufumba kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi au muda mfupi baadaye. Mzazi aombe eksirei ya taya zima na barua ya kumwona daktari wa kupanga meno mwaka huohuo pengo lilipotokea.