Upinde Bila Fundi

Nimemaliza kitabu cha Eugen Herrigel, Zen in the Art of Archery (1948), hapa Rau, nikisikiliza mvua kwenye migomba. Wengi wanakiabudu, mimi kimeniacha na kiu. Upinde wa Kijapani unazidi mita mbili, vipande vya mianzi na mbao vilivyogandishwa kwa gundi, na hushikwa chini ya katikati. Aliyeuunda yuko wapi? Humu ni roho, roho tu. Na ule usemi maarufu kwamba si mtu anayeachia mshale, Yamada Shōji anahoji: huenda ni kosa la tafsiri, maana Herrigel alitegemea mkalimani. Du! Mhadzabe wa Eyasi huchonga upinde wake mwenyewe, upote wa kano za mnyama, na mshale huunyoosha kwa moto na meno. Kitabu chake ndicho ningekinunua leo.