Mlinzi Asiyelala

Tangu mwaka 2010 Wikipedia ya Kiingereza ina mlinzi asiyelala, programu iitwayo ClueBot NG. Husoma mabadiliko yanayoandikwa na watu. Likionekana la uharibifu, hulitangua mara moja. Busara hiyo haikuzaliwa nayo: ilijifunza kwa mifano iliyokwisha kuamuliwa na watu.

Leo mtu aweza kuandika amri chache katika kompyuta, akaiachia akili bandia iongoze ukumbi mzima wa wazungumzaji: ipokee wageni, ifute maneno, hata ifukuze watu. Twauliza: mifano yake yatoka wapi? Mashine iliyofunzwa Kiswahili sanifu pekee, ikikuta "batoto banalala" ya Lubumbashi, yaweza kudhani ni fujo. Mwalimu huyasikia hayo darasani, akasahihisha bila kumfukuza mwanafunzi.

ClueBot NG ina sifa moja njema: aliyeonewa aweza kulalamika, na binadamu akayarudisha maandishi yake. Pasipo mlango huo wa rufani, amri ni ubabe mtupu.

Basi yatupasa sisi walimu wa nchi jirani kuikusanya na kuieleza mifano ya usemi wa kwetu. Tukinyamaza, mlinzi huyo atafunzwa na wasiotujua.