Aliyetoka na Aliyebaki

Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Hakushindwa kura, wala hakuugua. Alipanga mwenyewe baraza jipya la mawaziri, akamweka Rashidi Kawawa aliongoze, kisha akarudi kwenye kazi ya chama chake, TANU. Wapo waliodhani amesukumwa. Nchi ndiyo kwanza imezaliwa, fedha hakuna, wasomi ni wa kuhesabu, halafu kiongozi anaondoka?

Mimi katika uamuzi ule naona ufundi wa hali ya juu katika kazi ya uongozi, na naona haujasifiwa vya kutosha.

Shinikizo lilikuwa zito. Oktoba 1961, sheria ya uraia ilipojadiliwa bungeni, baadhi ya wabunge wa TANU walitaka uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Nyerere akawaambia hoja hiyo ikipita, serikali yake itajiuzulu. Vyama vya wafanyakazi navyo vilidai Waafrika washike nafasi za Wazungu upesi. Na TANU yenyewe ilikuwa imepwaya: lengo lake la kudai uhuru limetimia, watu wake hodari wamehamia serikalini, na mwanachama wa kijijini hajui tena aitiwe nini mkutanoni. Waziri mkuu asingeweza kuliona hilo akiwa nyuma ya mafaili. Faili huleta jambo la leo, tena lile lililokwisha kupata mwenye kulilalamikia.

Wacheza bao wanaielewa hali hii, na Nyerere alikuwa mmoja wao. Mwenye zamu macho yake yako kwenye shimo atakaloanzia na kete atakazokula. Aliyesimama nyuma yake, mikono mitupu, huiona nyumba ya upande wa pili inavyojaa, na akajua mwenzake ataliwa wapi. Hamzidi akili. Hana zamu tu.

Basi Nyerere akaiacha zamu. Alizunguka nchini akikutana na wanachama, na akaandika. Aprili mwaka huo alitoa andiko lake juu ya Ujamaa; mwaka huohuo likaja *Tujisahihishe*, kijitabu kidogo kilichowataka wana-TANU watazame makosa yao wenyewe bila kuoneana haya. Hicho cha pili ndicho ninachokipenda zaidi. Chama kilichotoka kushinda juzi kinaambiwa na rais wake kijikosoe! Kwa waziri mkuu anayehitaji kura za wabunge wake, maneno kama hayo ni magumu kuyatoa.

Lakini umbali nao una upofu wake. Mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Nyerere hakuwa waziri mkuu, ila alikuwa bado kiongozi wa chama kilichoipitisha, na baadaye akiwa Rais aliitumia. Kule alikosimama alikiona chama vizuri. Mfungwa asiye na kesi hakumwona. Anayemsifu kwa mwaka ule inampasa alitaje na hili.

Kuna wakuu wengi wanaosema wamejiweka kando huku funguo zote ziko mfukoni mwao. Mkuu wa shule yuko likizo, lakini makamu wake hawezi kuidhinisha hata ununuzi wa chaki bila kumpigia simu. Huko si kurudi nyuma, na huyo mkuu haoni lolote jipya, kwa kuwa simu inamrudisha mezani kila mara. Kawawa hakuachiwa uwaziri mkuu wa namna hiyo. Mzaliwa huyu wa Songea, aliyetokea kwenye uongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliharakisha kuwapa Waafrika vyeo serikalini, na nchi ikaandaliwa kuwa jamhuri yeye akiwa kitini.

Novemba 1962 Nyerere alimshinda mpinzani wake, Zuberi Mtemvu, katika uchaguzi wa urais, na tarehe 9 Desemba akaapishwa. Sifa za mwaka ule humwendea yeye aliyetoka. Mimi sehemu kubwa nampa aliyebaki: Kawawa alitawala karibu miezi 11 akijua kwamba mwenye jina kubwa kuliko lake yuko nje, anatazama, na huenda akarudi. Aliamua mambo yake bila kumngoja. Mwenzake aliporudi, akakabidhi madaraka pasipo ugomvi, akawa Makamu wa Rais, na kesho yake kazi ikaendelea.